Ngamia wa Ugbad

Maziwa ya ngamia hayangoji jua. Istahil alilijua hilo tangu utotoni. Kila alfajiri, baada ya kuswali, alifukiza mitungi yake kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi. Kisha alisimama kando ya barabara ya mji wao wa Balambala, akisubiri pikipiki iliyoleta maziwa kutoka malishoni. Huko ndiko alikokuwa mumewe, Kulow, pamoja na ngamia wao.

Ngamia wao walikuwa wachache. Aliyetoa maziwa mengi kuliko wote aliitwa Barwaqo. Alikuwa amezaa karibuni, na ndama wake alikuwa bado mdogo.

Asubuhi moja, maziwa yalipokuwa adimu na wateja wengi, Istahil alimpigia mumewe simu.

"Kulow, funga chuchu zote nne za Barwaqo."

Ngamia ana chuchu nne, na desturi ya wafugaji inajulikana. Chuchu mbili hufungwa kwa kamba laini, ili maziwa yake yawe ya watu. Mbili huachwa wazi, ili ndama anyonye. Ndivyo walivyofanya babu zao.

"Na ndama?" Kulow aliuliza.

"Atakula majani. Hana meno?"

"Meno yenyewe ni ya juzi, mama Ugbad."

"Ni kwa muda tu. Wateja wakikimbia hawarudi."

Kulow alishusha pumzi. "Haya. Umesema wewe."

Binti yao, Ugbad, alikuwa ameketi mkekani akinywa chai. Alikuwa na umri wa miaka mitano. Alisikia kila neno.

"Hooyo," alimwita mama yake, "sasa ndama atakunywa nini?"

"Wewe kunywa chai yako. Utachelewa duksi."

Ugbad alikunywa chai yake. Kisha alipanga vikombe kando ya birika, akivigusa kimoja kimoja. "Cha hooyo, kimoja. Cha Ugbad, viwili. Cha aabo, vitatu. Aabo hayupo, tunakiondoa. Vimebaki viwili." Alifanya hivyo kila asubuhi, akiondoa kikombe cha aabo, yaani baba. Istahil aliona ni mchezo tu wa mtoto.

Kila siku Ugbad alianza na duksi, alikojifunza Kurani. Jua lilipopanda alikwenda shule ya chekechea, ambayo watu wa pale huiita nasari. Istahil alikuwa akimwacha langoni na kwenda sokoni. Hakuwahi kuingia ndani. Yeye mwenyewe hakusoma, na lango la shule lilimtia woga.

Alichokiona kila siku ni mtoto kurudi na udongo kwenye kucha, mchanga kwenye nywele, na wimbo mdomoni. Hakuona daftari lililojaa maandishi. Jambo hilo lilimtia aibu, hasa mbele ya Shamso.

Shamso naye aliuza maziwa. Mitungi yao ilikaa bega kwa bega sokoni. Mwana wa Shamso, Guleid, alisoma katika shule nyingine.

"Wangu anaandika A mpaka Z," Shamso alisema siku moja, huku akimpimia mteja maziwa. "Mwalimu wake hana mchezo. Kiboko mkononi, kurasa tano kila siku. Wako je? Amefika wapi?"

"Anaimba," Istahil alijibu kwa sauti ndogo.

"Anaimba!" Shamso alicheka. "Mashallah, tutamwita kwenye harusi."

Wateja walicheka. Istahil alijipangusa uso kwa ncha ya shungi lake, ingawa hakuwa na jasho.

Siku chache baadaye Shamso alifika sokoni akiwa amechelewa, macho yamemtoka.

"Istahil! Nimepita kwenye ua wa nasari yenu. Unajua wanachofanya? Wanafinyanga masanamu! Binti yako amesimama mbele na ngamia wa udongo, wenzake wameketi chini wanamtazama. Wana wa Israili na ndama wao wa dhahabu, si walianza hivyo hivyo?"

Mzee mmoja aliyekuwa akinunua maziwa alitikisa kichwa. "Audhubillahi," alisema.

Istahil alihisi soko zima linamtazama. Hakuuliza neno. Aliacha mitungi yake palepale na kwenda shuleni mbio mbio.

Aliwakuta watoto wameketi kwenye kivuli cha ukumbi wa darasa. Ugbad alikuwa amesimama mbele yao. Juu ya kipande cha ubao kulikuwa na ngamia wa udongo, mwenye nundu kubwa na shingo iliyopinda kidogo. Ugbad alikuwa akisema jambo, na wenzake walimsikiliza vinywa wazi. Lakini mama yake hakusikiliza.

"Nilikuleta usome!" Istahil alipiga kelele. "Nilikuleta uabudu udongo?"

Alimnyakua ngamia, akambwaga chini na kumkanyaga kwa ndara.

Mtoto mmoja wa mstari wa mbele akaanza kulia. Mwalimu wao, Weris, alikuwa msichana mpole wa hapo hapo Balambala. Aliinuka polepole.

"Abaayo Istahil, karibu," alisema. Alimwita abaayo, yaani dada, kwa heshima. "Keti tuzungumze."

"Tuzungumze nini? Umewageuza watoto wa Waislamu kuwa wafinyanzi wa masanamu. Huna haya?"

Weris aliinamisha uso mbele ya wanafunzi wake.

Ugbad hakulia. Aliinama, akaokota kipande kimoja cha udongo, akakifumbata. Kisha alimfuata mama yake nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Ugbad hakupelekwa nasari; alitoka duksi na kukaa nyumbani. Alikunywa chai yake. Istahil alingoja kusikia vikombe vikihesabiwa. Havikuhesabiwa. Alingoja wimbo. Haukuja. Nyumba ilikuwa kimya kama kisima kilichokauka.

"Ugbad, imba basi," mama alisema.

"Nimesahau," mtoto alijibu, akageukia ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umefumba.

Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Moyo wa Istahil ulianza kumsuta, lakini alijiambia kwamba alitetea dini yake. Baada ya swala ya Alasiri alikwenda kumwona Macallim Shuaib, mwalimu wa duksi. Mzee huyo alikuwa ndugu wa mama yake, kwa hiyo alimwita abti, yaani mjomba. Alitarajia kusifiwa.

"Abti, nimevunja sanamu," alisema baada ya salamu.

"Kama Nabii Ibrahimu?" Mzee aliinua nyusi. "Mashallah. Lilikuwa kubwa kiasi gani?"

Istahil alionyesha kwa mikono. Kipimo chenyewe kilikuwa shubiri moja tu.

"Na watu walikuwa wakilisujudia?"

"Hapana. Lilikuwa... lilikuwa ngamia wa Ugbad. Alimfinyanga nasari."

Macallim alianza kucheka. Kisha aliona uso wa mpwa wake, na kicheko chake kikazimika.

"Sikiliza, Istahil. Bibi Aisha alipokuwa mdogo alikuwa na wanasesere wa kuchezea. Alikuwa hata na farasi mwenye mabawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwona nao. Hakuvunja. Alimuuliza, 'Ni nini hiki?' Naye alipojibu, Mtume akacheka. Kwa sababu hiyo wanazuoni wengi wameruhusu vitu vya kuchezea watoto. Sasa niambie. Mtume aliuliza. Wewe uliuliza?"

Istahil alitazama chini. "Sikuuliza."

"Ulisikiliza mtoto alikuwa akisema nini?"

"Sikusikiliza, abti."

"Ulikuwa unamwogopa nani? Mungu, au Shamso?"

Swali hilo lilimchoma. Istahil alihisi masikio yake yanawaka. Alijua jibu, na Mungu alilijua kabla yake. Hakuvunja ule udongo kwa ajili ya dini. Aliuvunja kwa sababu soko lilicheka.

"Nenda kamwombe mwalimu radhi," mzee alisema kwa upole. "Wala usimwendee nyumbani kwake kwa kificho. Ulimvunjia heshima mbele ya watoto. Itengeneze mbele ya watoto. Nenda kesho. Udongo uwahi ungali maji."

Asubuhi iliyofuata Istahil aliswali na kukaa kwenye msala kwa muda mrefu. "Astaghfirullah," alirudia, mpaka machozi yakalowesha shungi. Kisha alimwosha Ugbad uso, akamvalisha sare, wakatoka.

Walipofika langoni, Istahil alisimama. Kutoka ndani alisikia watoto wakiimba. Aliona wote watamnyooshea kidole: yule pale, mama aliyekanyaga. Aligeuka. Akapiga hatua kurudi.

"Hooyo," Ugbad aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita tangu siku ile. "Nataka kumpa mwalimu hiki."

Alifumbua mkono. Kile kipande cha udongo kilikuwa kimekauka. Kilikuwa na vidole vinne vidogo vilivyotokeza. Viwili vilikuwa vimefungwa kwa uzi. Viwili havikufungwa.

"Ni nini hiki, mama?" Istahil aliuliza. Lilikuwa lile swali ambalo hakuliuliza siku ile.

"Ni kiwele cha Barwaqo. Hizi zetu, nimezifunga. Hizi za ndama, nimeziacha. Nilikuwa nawaambia wenzangu."

Mtoto wa miaka mitano alikuwa amekumbuka haki ambayo Istahil, mwana wa wafugaji, aliinyakua kwa simu moja. Na ilipokuwa ikisemwa mbele ya watu, aliikanyaga kwa mguu wake. Alitamani ardhi impasukie.

Ardhi haikupasuka. Alimshika Ugbad mkono, wakaingia.

Watoto walipomwona, walisogeleana. Mwalimu Weris alisimama. Istahil alivua ndara zake mlangoni, zile zile, akasimama mbele yao bila kuinua macho.

"Mwalimu," alisema. "Nilikukosea mbele ya watoto hawa. Nilisema bila kuuliza. Nilivunja kazi ya binti yangu bila kuitazama. Nisamehe. Na ninyi watoto, nisameheni."

Watoto walitazamana. Kisha yule aliyelia siku ile aliuliza, "Utavunja tena?"

"Sitavunja tena, inshallah."

"Basi keti," mtoto alisema, akasogea kumpisha. Weris alicheka, huku akifuta macho.

Istahil aliketi mkekani kati ya watoto. Alikiweka kile kiwele cha udongo kwenye kiganja cha mwalimu.

"Nieleze," alisema. "Mimi sikusoma. Nilidhani mnacheza tu."

"Tunacheza kweli," Weris alijibu. "Mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza. Huyu ngamia alikuwa somo la siku nzima. Ugbad alisimama hapo akatusimulia habari zake, kwanza kwa Kisomali, kisha akataja kwa Kiswahili: kichwa, shingo, nundu, mguu. Alisema bila woga na wenzake wakamsikiliza. Hilo ni somo la lugha. Anayeweza kusimulia ndiye atakayesoma kwa kuelewa."

"Na hesabu? Sijaona hesabu."

"Hesabu hizi hapa." Weris alionyesha chuchu za udongo. "Alihesabu nne. Akazigawa mbili na mbili. Alipima shingo iwe ndefu kuliko mguu. Nyumbani hahesabu kitu?"

Istahil alikumbuka vikombe. Cha aabo tunakiondoa, vimebaki viwili. "Huhesabu," alisema polepole. "Sikuwa nikijua kwamba ni hesabu."

"Mwalimu alisema ngamia anakula majani ya mgunga na mchongoma!" mtoto mmoja alidakia.

"Na maji ya kunywa yafunikwe!" mwingine alisema. "Na tunawe kwa sabuni tukimaliza udongo!"

"Hayo ni mazingira na afya," Weris alisema. "Sasa tazama vidole vyao. Kufinyanga kunavipa nguvu. Mkono uliokanda udongo vizuri ndio utakaoshika penseli bila kuchoka. Kuruka, kuimba na kupaka rangi vina kazi yake pia. Ukimlazimisha mtoto wa miaka mitano ajaze kurasa kila siku, anaweza kuzijaza huku anachukia shule."

"Na dini?" Istahil aliuliza. Aliuliza kwa woga.

Weris alimrudishia kile kiwele. "Tulisema bismillahi kabla ya kuanza. Tuligawana udongo bila kupokonyana. Na Ugbad alitufundisha kwamba mnyama naye ana haki, na Mungu atatuuliza juu yake. Hilo sikumfundisha mimi. Nilidhani amelipata nyumbani."

Istahil alifunika uso kwa shungi. Maneno hayo yalisemwa kwa wema, ndiyo maana yaliuma zaidi.

Kisha walifinyanga. Istahil alipewa bonge la udongo wa kando ya Mto Tana. Alimtengenezea ngamia miguu, akamsimamisha. Ngamia akapiga magoti na kuanguka kifudifudi. Watoto walicheka mpaka wakagaagaa chini.

"Ngamia wako amelewa!" mmoja alisema.

"Siyo hivyo, hooyo," Ugbad alisema. Alileta vijiti vyembamba. "Tia kijiti ndani ya kila mguu kwanza. Vinne. Hesabu."

"Kimoja, viwili, vitatu, vinne," Istahil alihesabu kwa utii. Ngamia akasimama. Ugbad alimkagua, akakiunganisha kile kiwele, akakaza nyuzi zake mbili. Kisha akaanza kuimba wimbo wa nasari, taratibu, kana kwamba alikuwa ameuweka mahali na sasa ameuona.

Istahil alinawa kwa sabuni, akatoka nje na simu.

"Kulow, ndama wa Barwaqo yukoje?"

"Amedhoofika. Jana hakufuata kundi. Nilikuwa nataka kukuambia, nikaogopa ugomvi."

"Fungua chuchu mbili. Leo hii. Sasa hivi."

"Alhamdulillahi! Nani amekushauri?"

"Mwalimu."

"Yule Weris?"

"Hapana. Mwalimu wangu ni mdogo zaidi." Kisha akaongeza, "Kulow, nisamehe na wewe."

Tangu siku hiyo Istahil hakumwacha tena mtoto langoni na kukimbia. Kila jioni alimuuliza, "Leo mmefanya nini?" na alingoja jibu mpaka mwisho. Ugbad alipopanga vikombe, mama alimuuliza, "Mgeni mmoja akija, vitakuwa vingapi?" Waliposafisha mitungi, alimwachia apange mkubwa, wa kati na mdogo. Walitaja majina ya vitu kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili. Mara nyingi mtoto ndiye aliyemsahihisha mama, na mama alikubali. Ugbad alipopanda darasa mwaka uliofuata, aliandika jina lake mwenyewe kwa mkono usiotetemeka. Ndama naye alipona, akawa mtundu wa kundi zima.

Yule ngamia wa udongo bado yumo kwenye rafu ya darasa. Shingo yake ina ufa. Istahil akipita mbele yake huinamisha macho, na moyoni huomba msamaha tena. Wala aibu hiyo haimkeri. Kuna aibu inayomfukuza mtu, na kuna aibu inayomrudisha.

Asubuhi moja sokoni, Shamso alichungulia mtungi wa Istahil.

"Mbona maziwa yako yamepungua siku hizi?"

"Hayajapungua," Istahil alijibu. "Mengine amepewa mwenyewe."

Shamso alisogea karibu na kunong'ona, ili wateja wasisikie. "Guleid wangu analia kila asubuhi akiiona shule. Hivi kweli pale kwenu wanajifunza, au wanacheza tu?"

Istahil angeweza kucheka. Soko lilikuwa limejaa, na zamu ilikuwa yake. Lakini alikumbuka ndara zake mlangoni.

"Mimi pia sikujua," alisema. "Kesho twende pamoja. Utaketi mkekani, usikilize."